Maswali yanayoulizwa sana: kuongelea usafiri na ratiba ya siku kwa kiingereza

Haya ndo maswali ninayoulizwa zaidi na watu wanaojifunza kiingereza, hasa wakifika pale pa "tell me about your day", ambapo kila mtu anaona ni somo la watoto mpaka afungue mdomo. Maneno mengi mnayo tayari. Kinachowaangusha ni kwamba kiswahili kina maneno mapana, neno moja linabeba mizigo minne, kiingereza kimeigawa ile mizigo kila mmoja na mbebaji wake, sasa ukitafsiri neno badala ya kuangalia nini hasa kimetokea unajikuta umelipanda basi kama mtu anavyopanda mti. Sijayapanga kwa ugumu, soma unapotaka.

Kwa nini nikisema "I climbed the bus" watu wanatabasamu?

Kwa sababu "climb" ni kukwea, ile ya kushika na kujivuta juu, mti, mlima, ukuta, ngazi. Kupanda kwetu kunaingia kila mahali, unapanda mlima, unapanda basi, bei inapanda, hata mbegu tunapanda, na kwa kiingereza hayo yametawanyika huko na huko. Basi ni "get on" na kushuka ni "get off". "I got on the bus at six and got off near the office", imeisha hiyo. Kama huongelei ile hatua ya mlangoni ila unataka tu kusema unatumia usafiri gani, tumia "take", yaani "I take the bus to work". Ukiliwahi ni "catch", likikuacha ni "miss", na hapa angalia vizuri, kwetu basi ndo limemwacha mtu, kosa la basi, kwao "I missed the bus", mtu ndo kalikosa basi, lawama ni yako mwenyewe. "The bus left me" wataielewa ila inasikika kama umeachwa na mchumba.

Basi ni "get on", teksi ni "get in", hii nani alipanga?

Jiulize kitu kimoja tu, ukiwa ndani unaweza kusimama ukatembea hatua mbili tatu? Basi, treni, ndege, meli, unaweza, kwa hiyo zote ni "get on" na "get off". Teksi na gari dogo unajikunja unaingia na ukiinuka unagonga kichwa, hizo ni "get in" na "get out of". Baiskeli na pikipiki unakaa juu yake kabisa kwa hiyo "on" inajieleza yenyewe. Mtumbwi ni "in", kivuko kikubwa ni "on". Mtu akiniambia "I got off the car" napata picha alikuwa amekaa juu ya boneti.

Gari si ni "car" tu?

Hapana, na hii imenitia aibu mwenyewe. Sisi tukisema gari tunaweza kumaanisha basi, lori, teksi, chochote chenye injini na magurudumu manne au zaidi. Siku moja nilikuwa na mgeni tunaongea kwenye simu nikamwambia "sorry, my car is late", mi nilikuwa nimesimama kituoni nasubiri basi kama watu wengine wote, akaniuliza kwa heshima kabisa dereva wangu anaitwa nani. "Car" ni gari dogo la mtu binafsi, basta. Kama ulipanda basi sema "bus", kama ni lori sema "lorry" au "truck", kama hutaki kutaja aina kuna "vehicle" lakini hiyo ni lugha ya polisi na bima, usimwambie rafiki yako "I am in the vehicle".

"By bus", "by the bus" au "with bus"?

"By bus". Bila "the", bila "my", bila chochote katikati. "By train", "by car", "by plane", "by bike". Ila ukishataka kusema la nani au lipi, "by" inaondoka, inakuwa "in my car", "on the bus", "on the 7.30 train". Kwa hiyo "I came by my car" ni kosa na "I came in my car" ndo yenyewe. Miguu ni "on foot", si "by foot", na kiukweli wenye lugha yao mara nyingi wanasema tu "I walk" au "I walked".

Naendesha baiskeli ni "I drive a bicycle"?

"Ride". Ukikaa ndani na usukani mkononi ni "drive", ukikaa juu yake kama farasi ni "ride". Pikipiki nayo "ride".

Hili la saa linanichanganya, saa mbili ni "two o'clock" au "eight o'clock"?

Eight. Na hapa naomba tukae kidogo maana hili ndo linaharibu miadi kuliko kosa lolote la sarufi. Niliwahi kumwandikia mtu "let's meet at two" kichwani nikiwa na saa mbili asubuhi. Nikafika, nikakaa, saa tatu, saa nne, nikaondoka nimenuna. Yeye akafika saa nane mchana, akasubiri, akaondoka naye kanuna. Kila mmoja akabaki anajua mwenzake hana adabu, na tuligundua baada ya siku mbili.

Sababu ni kwamba kiswahili kinaanza kuhesabu jua linapochomoza na linapozama, saa moja ni lisaa limoja baada ya kucha, kiingereza kinaanza kuhesabu usiku wa manane na tena adhuhuri. Tofauti ni masaa sita, daima. Watu wanahangaika kujumlisha na kutoa, mi nawaambia angalieni saa ya mishale, tafuta namba ya kiswahili halafu tazama namba iliyo upande wa pili kabisa, ng'ambo yake. Moja inatazamana na saba, mbili na nane, tatu na tisa, nne na kumi, tano na kumi na moja, sita na kumi na mbili. Inafanya kazi kwenda na kurudi. Saa kumi jioni, ng'ambo ya kumi ni nne, "four o'clock". Dakika haziguswi, zinabaki zilivyo. Saa mbili na robo ni "quarter past eight", na nusu ni "half past eight", saa tatu kasorobo ni "quarter to nine". Mwingereza akikuambia "half eight" bila "past" anamaanisha nane na nusu, yaani saa mbili na nusu yetu, usije ukadhani ni nusu kabla ya nane.

"a.m." ni baada ya usiku wa manane mpaka kabla ya adhuhuri, "p.m." ni adhuhuri kuendelea, na ukishaweka hizo usiongeze "in the morning", mtu anasema "8 a.m. in the morning" kama anayevaa kofia mbili. Saa sita zote mbili usitumie herufi hizo kabisa kama unaweza kuepuka, sema "noon" kwa mchana na "midnight" kwa usiku, hata wao wenyewe 12 a.m. na 12 p.m. zinawapiga chenga.

Afu kuna mtego wa tarehe. Tiketi ikiandika Sunday 00:30, siku ya kizungu inabadilika usiku wa manane, kwa hiyo hiyo ni saa sita na nusu usiku, ule usiku ambao sisi tunauita Jumamosi usiku, wa kuamkia Jumapili. Unatakiwa uwe uwanja wa ndege Jumamosi jioni. Kuna watu wamefika Jumapili usiku na begi lao wakakuta ndege iliondoka jana yake.

"Today morning" ina kosa gani, si leo asubuhi?

Tafsiri yako iko sawa neno kwa neno, ila wao hawasemi hivyo. Leo asubuhi ni "this morning", leo mchana "this afternoon", leo usiku "tonight", jana usiku "last night". Jana asubuhi inakuwa "yesterday morning" na kesho asubuhi "tomorrow morning", hizo mbili ziko kama zetu, usiniulize kwa nini usiku wa jana peke yake ndo umepewa jina lake. Bila kutaja siku ni "in the morning", "in the afternoon", "in the evening", lakini "at night". Ukitaja siku ni "on", "on Monday morning".

Nikieleza siku yangu nasema "I am waking up at five", mwalimu anakata, mbona?

Kwa sababu ya hii "na" yetu. "Naamka" inaweza kuwa naamka sasa hivi na inaweza kuwa naamka kila siku, msikilizaji anajua kutokana na maongezi. Kiingereza kimetenganisha. Cha kila siku ni "I wake up", kinachotokea dakika hii ni "I am waking up". Kipimo changu ni hiki, chukua sentensi yako ya kiswahili ujaribu kuweka "hu", yaani "mimi huamka saa kumi na moja", kama inakubali na maana haijaharibika basi kwa kiingereza usiweke "am" wala "ing". "Mimi husubiri basi hapa" inakubali, "I wait for the bus here". "Nasubiri basi, nitakupigia" ukiibadilisha kuwa "husubiri" inakufa, kwa hiyo hapo ndo "I'm waiting for the bus, I'll call you".

Akiwa mtu mwingine mmoja unaongeza "s": "she wakes up", "he takes the train", "my brother walks". Inasahaulika kwa sababu sisi mabadiliko yote yako mbele ya kitenzi, na-, una-, ana-, huko nyuma masikio yetu hayajazoea kusikiliza. Na kwa kuwa "ana" yetu haijali kama ni mwanamke au mwanaume, mtu anaanza kumwelezea mama yake kwa "she" na katikati ya safari mama amegeuka "he". Hiyo haina sheria ya kukusaidia zaidi ya kuongea taratibu.

Swali linatumia "do" na "does" na ile "s" inahamia huko, "does she take the bus?", si "does she takes". Moja inatosha.

Hizi "always", "usually", "never" zinakaa wapi?

Kabla ya kitenzi, "I usually take the bus", "I never drive at night". Kama kitenzi ni "am, is, are" zinakaa baada yake, "I am always late". Na "never" imeshabeba kukanusha, usiweke "don't" nyingine, "I don't never" ni kukana mara mbili. Kiswahili chetu tunasema "sijawahi kamwe" na hakuna shida, huko kuna shida.

"I use to wake up early" ni sawa?

Kama unamaanisha huwa unaamka mapema, hapana, sema "I usually wake up early". "I used to wake up early" ipo na ni sahihi kabisa ila inamaanisha zamani nilikuwa naamka mapema na siku hizi siamki. Mtu aliambiwa kwenye usaili wa kazi aeleze ratiba yake akajibu "I used to come on time", hebu fikiria wale waliokaa upande wa pili wa meza walielewa nini.

"Nililala saa tano", naandika "I slept at eleven"?

Wataelewa, ila wao wanasema "I went to bed at eleven". Kulala kwetu kunabeba kwenda kitandani, kujinyoosha, kusinzia na usingizi wenyewe. "Go to bed" ni kwenda kitandani, "fall asleep" ni ile dakika usingizi unakuchukua, "sleep" ni kile kinachoendelea baadaye, "I slept for six hours", na kujinyoosha tu ni "lie down". Kwa hiyo mtu anaweza kusema "I went to bed at ten but I fell asleep at midnight" na kwa kiswahili ungetakiwa kuzunguka kidogo kusema hivyo.

Angalizo moja zito: "I slept late" watu wengi wanamaanisha nilichelewa kulala. Kwa wenye lugha, "sleep late" ni kulala mpaka jua limepanda, yaani umechelewa kuamka. Ukimwambia bosi "I'm tired, I slept late" unategemea huruma, yeye anashangaa umechokaje na umelala mpaka saa nne. Sema "I went to bed late".

Asubuhi nako ni hivyo hivyo, "wake up" ni macho kufunguka, "get up" ni mwili kutoka kitandani, na kati ya hayo mawili kwa baadhi yetu inaweza kupita nusu saa.

Kazi za asubuhi nyumbani, nipe yale maneno ninayoweza kukosea.

Kupiga mswaki ni "brush my teeth" na ile "my" ni lazima, sisi tunasema naosha uso, si uso wangu, kila mtu anajua huwezi kuosha uso wa jirani, lakini kiingereza kinataka mwenye mali atajwe, "I wash my face". Kuoga ni "have a shower" au "take a shower". Kifungua kinywa na milo mingine tumia "have", "I have breakfast at seven", ile "take breakfast" tumeizoea sana ila nje ya huku kwetu inasikika ya kizamani. Kutandika kitanda ni "make the bed" ingawa hautengenezi kitanda chochote. Kuosha vyombo ni "do the dishes" au "wash the dishes", ukisema "wash utensils" msikilizaji anaona vijiko na uma tu, sahani zimebaki chafu. Kufua ni "do the laundry". Kupiga pasi ni "iron", na inatamkwa "ayan", ile r haisikiki panapodhaniwa.

Nimechelewa ni "I have delayed"?

Hii nasikia kila siku ya Mungu. "Delay" ni kuchelewesha kitu, kwa hiyo "I have delayed" inamwacha mtu anasubiri useme umechelewesha nini. Ukiwa umefika umechelewa, "sorry I'm late". Ukiwa bado uko njiani na unaona kabisa hufiki, "I'm running late". Kama kuna kitu kimekuchelewesha, "I was delayed" au "the train was delayed". Na "lately" haihusiani, hiyo ni siku za karibuni.

Naaga naondoka kidogo, nasema "I'm coming", mzungu anabaki ananiangalia. Kwani?

Aisee kwa sababu unamwambia unakuja huku unampa mgongo! "Nakuja" yetu ni ya upole, tunaondoka kwa kuahidi kurudi, ni neno zuri mno na hawana. Wao wanasema "I'll be right back" au "back in a minute". "I'm coming" ni pale mtu anakuita au anakusubiri na unaelekea alipo. Ukiulizwa kwenye simu uko wapi, "I'm on my way". Chunga usiseme "I'm in the way", hiyo ni umeziba njia.

"Pick me", "drop me", "escort me", zipi sawa?

"Pick me" ni nichague, kama wachezaji wanapopangwa timu. Kuchukuliwa na gari ni "pick me up", "can you pick me up at the station?", na kushushwa ni "drop me off", "you can drop me off here". Ile "I will drop at the next stop" ya abiria ni kama unadondoka kutoka kwenye basi likiwa linatembea, sema "I'll get off at the next stop". Kusindikiza ndo kazi, "escort" inaleta walinzi na ving'ora, na kwenye matangazo fulani inaleta biashara nyingine kabisa ambayo usingependa kuhusishwa nayo. Mtu akikusindikiza kituoni sema "she walked me to the bus stop", na kama mmekwenda kumuaga msafiri, "we went to see him off". Lifti kwa Uingereza ni "a lift", Marekani ni "a ride".

Natumia dakika arobaini kufika kazini, "I use forty minutes"?

"It takes me forty minutes to get to work". Swali lake ni "how long does it take?". Jifunze hiyo sentensi nzima kama ilivyo bila kuichambua, ile "it" haimaanishi kitu chochote, imekaa tu hapo mbele kwa sababu kiingereza hakipendi sentensi isiyo na mtu mlangoni.

"Arrive to", "arrive at", "reach to"?

"Arrive at" kwa kituo, ofisi, uwanja wa ndege, na "arrive in" kwa mji au nchi. "Arrive to" haipo. "Reach" haitaki kitu katikati, "I reached the office". Kwenye maongezi ya kawaida tumia "get to", "I got to work at nine". Nyumbani ni neno la kudeka, linakataa "to", "go home", "get home", "arrive home", ila ukishasema nyumbani kwa nani "to" inarudi, "I went to my sister's home".

Foleni naisemaje?

"I was stuck in traffic" ndo sentensi ya kuokoa maisha. "Traffic" haihesabiki, kwa hiyo "a lot of traffic" au "heavy traffic", hakuna "many traffics". "Traffic jam" pia sawa, lakini "jam" pekee bila utangulizi mtu anaweza kufikiria ile ya kupaka kwenye mkate. Yale masaa ya kila mtu kwenda na kurudi kazini yanaitwa "rush hour" japo ni zaidi ya saa moja na hamna anayeweza kukimbia. Safari yenyewe ya kila siku ya kwenda kazini na kurudi ni "commute", neno lililotokana na tiketi za punguzo za treni Marekani karne ya 19 kwa wasafiri wa kila siku, "my commute is long".

Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani kinatofautiana sana kwenye usafiri?

Kuliko karibu mada zote nyingine, labda kwa vile magari na reli vilikua wakati nchi hizo zimeshaachana. Lori ni "lorry" kwa Mwingereza na "truck" kwa Mmarekani, mafuta ya gari ni "petrol" na "gas", buti ni "boot" na "trunk", boneti ni "bonnet" na "hood". Tiketi ya kwenda na kurudi ni "return" Uingereza na "round-trip" Marekani, ya kwenda tu ni "single" na "one-way".

Hizo hazina madhara, utaeleweka. Zenye madhara ni zile zilizopo pande zote mbili zikiwa na maana tofauti. "Pavement" Uingereza ni njia ya waenda kwa miguu, Marekani ni lami yenyewe magari yanapopita, kwa hiyo ukimwambia mtoto "walk on the pavement" inategemea mtoto ni wa wapi. Marekani waenda kwa miguu wana "sidewalk". "Subway" ukiwa New York ni treni ya chini ya ardhi, ile iliyofunguliwa 1904, ukiwa London ni kijia cha kupita chini ya barabara, na treni yao, ambayo ni ya tangu 1863, wanaiita "the Underground" au "the Tube". "Coach" Uingereza ni basi la masafa marefu, Marekani ukiisikia kwenye ndege ni viti vya daraja la kawaida. Chagua upande mmoja uongee huo, mwingine uujue kwa kusikia tu.

Kuna matamshi ya kuangalia?

"Walk" na "work". Vinywa vingi vya kiswahili vinavitoa sawa au vinavibadilishana, na sentensi ya kawaida kabisa ya ratiba ni "I walk to work", yaani zote mbili zimekaa mstari mmoja. "Walk" ni kama "wook" ndefu, midomo imeviringa, l haisemwi kabisa. "Work" midomo haiviringi, iko katikati kati, karibu na "wek" iliyovutwa. Nyingine ni "leave" na "live", ya kwanza i ndefu, ya pili i fupi ya haraka, "I leave at seven" ukiifupisha unakuwa unaishi saa moja asubuhi. "Wednesday" ni "wenzdei", ile d ya kwanza ni pambo.

Nimeandika siku yangu, unaweza kunisahihishia?

Nitaweka mmoja hapa maana ana karibu kila kitu. Aliandika hivi: "Today morning I woke up at 11. I brushed teeth and took breakfast. I climbed the car but there was many traffic and I used two hours. I have delayed and my boss was annoyed. In the evening I came back to home and slept at 4."

Ikinyooshwa: "This morning I woke up at five. I brushed my teeth and had breakfast. I got on the bus but there was a lot of traffic and it took me two hours. I was late and my boss was annoyed. In the evening I came back home and went to bed at ten."

Mengine yote msomaji angevumilia, ni saa ndo zimemmaliza. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri akalala saa nne usiku amejikuta kwenye karatasi ameamka saa tano asubuhi na kulala saa kumi alasiri, siku nzima masaa matano, na mawili kati ya hayo kakaa kwenye foleni, ndo maana bosi alikasirika.